Frigo Iliyolazwa juu ya Maharage

Mama alikuwa anatumia insulini, na kwetu Gitega hatukuwa na frigo. Dawa yake ilikaa kwa jirani, muuza nyama. Kila asubuhi na kila jioni mama alijitanda mtandio, akavuka barabara, akabisha hodi. Hawakumkatalia hata siku moja. Ila aliniambia kwamba watoto wa pale walikuwa hawaulizi tena ni nani anayebisha. Waliitana tu ndani, "Mama Dawa huyo."

Dada yangu aliyeolewa Muyinga aliponunua frigo kubwa, alitupatia sisi ile ndogo ya zamani. Nilitumwa mimi kuifuata, kwa kuwa nilikuwa nimemaliza chuo na sikuwa na kazi. Dereva wa lori la maharage alisema ikisimama itaanguka kwenye kona, akailaza juu ya magunia. Niliwahi kusoma mahali kwamba frigo iliyolazwa isimamishwe siku nzima kabla ya kuwashwa. Njia nzima nilitafuta namna ya kumwambia mama. Nikisema kabla ya salamu, atadhani tumepewa kitu kibovu. Nikisema baadaye, atauliza kwa nini nilinyamaza. Tuliingia Gitega sijachagua.

Wageni walikuwa wameshakaa mkekani. Kwetu chombo kipya hakiingii nyumbani kikavu: majirani huja kukipokea, na ni lazima waonje kitu kilichotoka ndani yake. Mama alikuwa amenunua Fanta. Mke wa muuza nyama alileta insulini kwenye sahani iliyofunikwa kitambaa cheupe, akamkabidhi mama kwa mikono miwili, akamtania kwamba sasa ndiyo basi, hawataonana tena mpaka Idi. Mama akaniambia nichomeke waya. Nikachomeka. Taa ya ndani ikawaka, wakapiga vigelegele. Baada ya saa moja Fanta zilinywewa zikiwa vuguvugu, na kila mtu alizisifu kwa ubaridi.

Asubuhi frigo ilikuwa kimya na chupa za dawa zilikuwa na joto la chumba. Muuguzi tuliyemuuliza alisema usiku mmoja haujaziharibu, lakini zisikae hivyo. Kisha akaja fundi, Mkongo wa Uvira, akaweka sikio kwenye motere.

"Mama, hii frigo ililala mu njia?"

Mama hakujua. Akanitazama. Nilikuwa na majibu matatu, yote yana ukweli kidogo.

"Ililala," nikasema.

"Na mukaibransha ku umeme siku ile ile?"

"Ndiyo."

Akaeleza taratibu, bila kutulaumu, kwamba mafuta ya motere yalikuwa yamepanda kwenye mirija, motere yenyewe ikazunguka kavu mpaka ikaungua. Frigo ingesimama siku moja tu, ingepona. Sasa ilikuwa kabati.

Alipoondoka mama akaniuliza, "Ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

Nilingoja akasirike. Nilikuwa na maelezo marefu, yamepangwa vizuri. Hakuyaomba. Nilijipima kama naona aibu, sikuona kitu. Nilikuwa kama mkono uliolaliwa. Mama alitoa dawa kwenye frigo, akaifuta kila chupa, akajitanda mtandio wake. Nikamwambia abaki, nitazipeleka mimi.

"Tunakwenda wote," akasema. "Ila leo utabisha wewe, na wewe ndiye utakayewaeleza."

Tukavuka barabara. Nikabisha, na mlango ukafunguliwa upesi kuliko nilivyotegemea.