Mzee wa Kotagiri

Simu ya mke wangu iliita siku ya kumi na saba tangu tuuchome mwili wake kwa desturi yetu.

Sikuwa nimeizima. Sijui kwa nini. Nikapokea.

"Dada Poongodi, miwani ya mzee wako iko tayari. Pitia Jumanne kama kawaida."

"Wewe nani?"

"Wa duka la miwani, Kotagiri. Kwani hii si namba ya Poongodi?"

Nikakata.

Kotagiri iko huko milimani, mwendo wa saa tatu na ushee kwa basi kutoka kwetu Tiruppur, kusini mwa India. Mke wangu hakuwa na ndugu kule. Ila Jumanne moja kila mwezi alikuwa ananiaga kwamba anaenda hekaluni, anarudi jioni kachoka hoi. Mimi nashinda kiwandani nashona fulana. Ningejua nini?

Mzee wako. Mzee gani?

Nilitoka na ndala za ndani, nikapanda basi. Njiani nikawa nimeshamtengeneza huyo mzee kichwani: ana gari, ana shamba la chai, ana pete mbilimbili. Kwenye zile kona abiria wanatapika, mimi nasaga meno tu.

Jamaa wa duka alinikabidhi miwani.

"Mzee mwenyewe anakaa wapi?" nikamuuliza.

"Nyumba ya bluu, nyuma ya soko la mboga. Wahi kaka, anajikwaa kila siku."

Nikagonga ule mlango kwa ngumi.

Aliyefungua ni mama yangu mzazi.

Nilikuwa sijamwona miaka sita. Siku ya harusi yangu alitufungia mlango, akasema msichana asiye wa tabaka letu hatakanyaga kwake. Nikamwambia basi na mimi si mwanao. Baadaye aliuza nyumba akahama. Sikuuliza alikokwenda.

Nilivua taulo nililojifunga kichwani kwa baridi. Hata kama mmekosana, mbele ya mama husimami umejifunga.

Alinikunjia macho.

"Poongodi? Mbona umechelewa hivyo mwanangu? Nikajua umenichoka bibi kizee."

Nikamvalisha miwani.

Aliponiona alitabasamu. Kisha macho yakapanda kichwani kwangu, yakaganda hapo. Kwetu mwanaume hunyoa upara akifiwa.

"Thangaraj. Umenyoa kwa ajili ya nani?"

Nikainama.

Alikaa palepale kizingitini.

"Ilikuwa homa, Amma. Siku nne tu."

"Na hukuniita."

"Sikujua kama mnaonana."

"Alinitafuta mwenyewe, mwaka juzi. Siku ya kwanza nilimwacha nje, mvua inamnyeshea. Mwezi uliofuata akarudi. Ananipikia, ananichana nywele, ananipa habari zako. Akasema kila akitaka kukwambia, unamkatisha."

Kweli. Mara mbili alianza, "Mama yako..." Nikamwambia jina la yule mama lisitajwe ndani ya nyumba yangu. Nilijiona mume wa maana. Nilijiona namlinda.

Nikamwomba Amma tushuke wote Tiruppur. Akatikisa kichwa.

"Kila alipokuja alinibembeleza nishuke naye. Nikawa najibu, mpaka mwanangu aje anichukue mwenyewe. Haya, umekuja. Sasa nikiingia kwake, nitamkuta nani?"

Alinichemshia chai, hatukuinywa. Nikapanda basi la saa kumi peke yangu, nikalia mpaka bondeni. Mama mmoja wa kiti cha pembeni alinipa ukingo wa sari yake nijifute. Hakuniuliza kitu.

Siku hizi naenda kwa Amma kila mwezi, bado hajakubali kushuka.

Ndugu zangu mnaosoma, nilibeba hasira miaka sita nikisema ni kwa ajili ya mke wangu. Mwenyewe alishasamehe zamani. Alikosa tu mtu wa kumwambia.

Kama kuna mtu umemnunia kwa niaba ya umpendaye, muulize leo kama yeye bado ana kinyongo. Mimi sikuuliza.