Mama Hakwenda Kumzika Baba Yake

Enzi zetu, sisi tuliozaliwa kabla bendera haijabadilishwa, hakuna mtoto aliyeugua peke yake. Nyumba moja ikikohoa, kijiji kizima kilikohoa. Nasema haya nikiwa nimechoka, maana nimeamka na wajukuu wawili wenye mafua na wa tatu anayejikuna, na mama yao ameshatoka kwenda kazini akiniachia chupa ya dawa ya pinki na maagizo ya kusoma kwenye simu. Miwani sijui niliiweka wapi. Basi acha niketi niwaeleze nyinyi wa rika langu, kwa kuwa hawa wadogo wakinisikiliza wanapiga miayo.

Nakumbuka Navakholo ya miaka ile ya Uhuru. Asubuhi umande ulitulowesha hadi magotini tukielekea shule, na alasiri mvua ilitukimbiza kurudi, ngurumo juu yetu, majani ya migomba vichwani. Tulicheza kati, tukikwepa mpira wa majani makavu. Tulicheza kalongolongo, tukipika udongo kwenye vigae na kuozeshana wake kwa waume kabla ya saa ya kuchunga mbuzi. Tuliteleza kwenye mteremko wa mto tumekalia magome ya mgomba mpaka rinda likatoboka, na rinda likitoboka ulijua jioni yako itakuwaje. Kumbikumbi wakitoka baada ya mvua tuliwala wabichi, mabawa yakitukwama kwenye meno.

Jioni ilikuwa obusuma, yaani ugali, wa wimbi na mrenda, watoto wote tumeizunguka sahani moja. Mikono tuliinawa kwenye karai moja, maji yale yale, mkubwa akitangulia, na aliye mdogo kabisa alinawa tope. Shuleni kulikuwa na mtungi mmoja na kikombe kimoja cha bati kilichofungwa kwa kamba kisije kikaibwa. Wenye makamasi na wasio na makamasi tulinywea hapo hapo. Watoto wa leo kila mmoja ana chupa yake ya maji yenye picha ya katuni, na bado wanaambukizana kila Jumatatu. Hilo nalo nimeshindwa kulielewa.

Magonjwa tuliyajua kwa misimu. Matubwitubwi yakimvimbisha mtu mashavu tulimcheka mpaka yatufikie na sisi. Kifaduro kilitufanya tuvute pumzi kwa mlio ambao mama zetu waliusikia wakiwa shambani, wakaangusha majembe. Lakini iliyoogopwa hasa ni surua, iliyokuja wakati wa kiangazi, mahindi yakishaingia ghalani. Wazee waliamini kwamba mtoto mwenye surua hadungwi sindano, eti sindano hurudisha vipele ndani. Na kulikuwa na desturi moja ambayo nikiwasimulia wajukuu wananitolea macho. Mtoto mmoja akishikwa, majirani walileta wa kwao walale naye kitanda kimoja na kula naye sahani moja, ili wote waugue pamoja. "Acha wamalizane nayo mara moja," kina mama walisema huku wakichambua mboga. Walikuwa na nia njema. Hakuna aliyetaka mtoto wake aje augue wakati wa palizi, mikono yote ikihitajika shambani.

Hivyo ndivyo tulivyompoteza Nafula, mdogo wangu aliyenifuata. Mama alitupeleka sisi wawili kwa jirani tukiwa tumeogeshwa na kupakwa mafuta kama watoto wanaokwenda kanisani. Mimi nikapata homa na vipele, nikapona. Nafula hakupona. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza kusema maneno ya kueleweka. Baba alikuwa akifanya kazi kwenye stesheni ya reli mbali na nyumbani, na alipofika tulikuwa tumeshamzika. Hakumlaumu Mama. Mama mwenyewe ndiye aliyejilaumu, nami nilimwona.

Tangu hapo akawa mtu mwingine. Mtoto wa jirani akikohoa mara mbili, tuliitwa ndani. Na kwetu akiugua mtu, Mama alikata tawi la lusiola, ule mti wa ua wetu, akalilaza katikati ya njia ya kuingilia bomani, na kila aliyeliona alijua asipite. Majirani walimwona ana maringo. "Mama Nanjala siku hizi ni mzungu," walisema wakicheka, wakimwita kwa jina langu. Wazungu walikuwa wanahama mashamba yao ya Lugari wakati ule, na nadhani waliona ni lazima apatikane mtu wa kushika nafasi yao.

Kisha kikaja kiangazi ambacho Makokha, kitinda mimba wetu, alishikwa na surua. Macho yalimganda kwa usaha, midomo ikapasuka, akakataa ziwa. Mama alimtilia maji mdomoni kwa kijiko, tone kwa tone, kutwa nzima. Tukiwa katika hali hiyo alifika binamu yetu kwa baiskeli kutoka upande wa Shianda. Alipoona tawi alisimama pale pale njiani, akapaza sauti kwamba kuka ametutoka. Kuka ni babu, na huyu alikuwa baba mzazi wa Mama.

Kwetu, maziko ya baba yako si jambo la kuchagua. Binti aliyeolewa hufika akilia tangu langoni, na watoto wake wote nyuma yake, hata wa kubebwa mgongoni. Wajukuu hulazwa pamoja jikoni, juu ya majani makavu ya migomba, chini ya mablanketi ya kuazima. Maziko yakishapita huja siku ya kunyoa, ndugu wa marehemu hukaa mstari mmoja na wembe ukapita vichwani mwao. Asiyenyolewa anahesabiwa kuwa hakuomboleza. Basi kila mtu alitazamia Mama atamfunga Makokha mgongoni na kushika njia.

Mama hakushika njia. Alijua ni kina nani waliolala mle jikoni kwa baba yake. Mke wa khotsa, yaani kaka mkubwa wa Mama, alikuwa amejifungua mapacha hata hawajaanza kukaa, na kina mama wadogo walikuwa na watoto wa kutambaa. Alizunguka uani na Makokha begani, akizungumza peke yake, nami nikimfuata nikiwa na kikombe cha maji.

Siku iliyofuata alikuja mama mkubwa, dada yake Mama, ambaye tulimwita Mama Rebeka. Miguu yake ilikuwa imejaa vumbi hadi magotini. Alilivuka lile tawi bila kulitazama. Mama akatoka mbio, akasimama mbele yake na mikono ameitandaza.

"Baba amelala pale, watu wanakuulizia," Mama Rebeka akasema. "Na wewe uko hapa unapika uji?"

"Dada, mtoto ana surua."

"Na ni boma gani haijaona surua? Mfunge na shuka twende. Mtoto hazuiwangi kumzika babu yake."

"Nikimpeleka watashikwa wote. Hata wale mapacha wa kaka."

"Basi mwache na huyu msichana, uje peke yako."

Mama alinitazama, kisha akatazama nguo aliyovaa. "Nimembeba kwa hii nguo tangu aanze kuugua. Hiyo surua ni mimi nitaipeleka. Na Nanjala hawezi kumnywesha. Huyu akikosa maji, ataenda vile Nafula alienda."

Mama Rebeka akalitazama lile tawi nyuma yake. Nilidhani atalia. "Haya. Nitawaambia vile umesema," akasema. "Lakini kaka hasahaunga. Ujue hivyo." Akageuka akaenda zake, na Mama hakumsindikiza hata hatua chache kama ilivyo adabu.

Baadaye sana, ukubwani, niliambiwa kwamba surua husafiri zaidi kwa pumzi na kikohozi kuliko kwa nguo. Kwa hiyo pengine Mama angeweza kwenda peke yake, kama angekuwapo mtu wa kumwachia mtoto. Lakini hapakuwa na mtu. Kijiji kizima kilikuwa kimeelekea Shianda.

Siku ya maziko, jua likiwa utosini, Mama alimlaza Makokha, akajifunga leso kiunoni, akaenda mpaka kwenye lile tawi. Akageuka, akaanza kulia kutoka pale kuja mlangoni, mikono kichwani, akimwita baba yake kwa majina yake yote, kama binti anayeingia kwao. Mimi nikamfuata nyuma nikilia, maana lazima kuwe na mtoto nyuma. Kuku walitukimbia. Alipofika mlangoni akafuta uso, wala hakungoja siku ya kunyoa, akaniletea wembe wa Baba na maji kwenye karai. "Ninyoe," akasema. Wembe uliteleza, nikamkata juu ya sikio, naye akainamisha kichwa niendelee. Sijawahi kufanya kazi iliyoniumiza moyo kama ile.

Sokoni kina mama walimtazama kile kichwa wakatikisa vyao. Kujinyolea nyumbani, walisema, hakuhesabiki. Makokha alipona, ila sikio moja halikusikia tena, na mpaka leo ukimsemesha lazima ukae upande wake wa kulia. Kule kwa kuka hakuna mtoto aliyeshikwa na surua. Hata hivyo hakuna aliyekuja kusema asante, kwani nani atashukuru kwa ugonjwa ambao hakuuona? Khotsa alikata mguu kwetu. Wazee walipokaa kujadili mahari yangu, mahali pa mjomba palikuwa wazi, na Mama alishinda akichungulia barabarani kila mbwa alipobweka.

Nasikia mkisema kwamba siku hizi mambo ni afadhali. Ni kweli, chanjo ipo, hospitali zipo, na mzazi ana kipimo cha homa cha kumwekea mtoto kwapani. Anachokosa ni siku moja ya kukaa nyumbani. Juzi huyu anayejikuna alitoka vipele tumboni. Nikamwambia mama yake, hii ni tetekuwanga, mwache asiende shule. Akaniambia, akiniita bibi kama watoto wanavyoniita, "Kukhu, ako sawa, nimempaka losheni. Na leo wako na birthday ya mwenzao." Akamvalisha sweta la mikono mirefu kwenye joto lile ili mwalimu asione. Mtoto akaenda na kipande cha keki ya kugawana. Jioni kundi la wazazi kwenye simu lilijaa picha za vipele vya watoto wengine waliopelekwa vivyo hivyo na vikaragosi vya kulia, kila mmoja akiuliza ni nani alianza. Mkwe wangu naye aliuliza.

Simchukii. Bosi wake hampi ruhusa, nauli imepanda, na mimi huyu bibi sina nguvu za kumzuia mtu mlangoni kwa mikono. Nimechoka tu. Namtazama akitoka mbio na viatu mkononi, namwonea huruma, na papo hapo ninataka kumchapa.

Mama alipotutoka, akiwa kikongwe, khotsa aliletwa kwenye maziko akiwa amebebwa kwenye kiti. Alikuwa hajakanyaga bomani kwetu tangu nilipokuwa msichana. Akapewa kipaza sauti, akakishika muda mrefu. "Huyu dada yangu nilimpenda," akasema. "Lakini hakukuja kumzika baba. Hiyo iko." Watu wakaguna, wazee wakaitikia kwa vichwa. Makokha aliniuliza amesema nini, nikamwambia amesema alimpenda. Nilitaka kusimama nijibu, nikaushika mkono wa Makokha badala yake.

Kisha wakaitwa wa kubeba jeneza. Mbele walikwenda wale mapacha wa khotsa, wazee sasa, wana mvi na vitambi, na nyuma yao wana wa Mama Rebeka na wa kina mama wadogo, wote waliolala mle jikoni kwa kuka wakati ule. Walimbeba Mama bila kupumzika mpaka kaburini. Hakuna hata mmoja wao aliyejua kwamba ni kwa ajili yao Mama hakwenda, na mpaka leo hawajui. Siku hizi, nikiwaona wazazi wakikimbiza watoto wagonjwa shuleni asubuhi, natafuta kwa macho mmoja tu ambaye angekubali kusemwa vile mbele ya watu, maisha yake yote, na kunyamaza.