Jina la Babu kwenye Dirisha la Tiketi

Duka la Mama Zuhura pale Katesh lilinuka sabuni ya mche, mafuta ya taa na vitunguu, na kwangu mimi mpaka leo hiyo ndiyo harufu ya simu. Simu yenyewe ilikaa juu ya kaunta, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi, na watu walitoka vijiji vyote vya jirani kuja kulipia dakika chache za kuongea. Walipaza sauti kulingana na umbali. Anayepiga Babati alipaza kidogo tu, wa Arusha aliongeza, na anayepiga Dar es Salaam alipayuka mpaka mbuzi waliokuwa nje wanageuza shingo. Mama Zuhura, aliyekuja Katesh akiwa ameolewa na mfanyabiashara, alizijua habari za wilaya nzima na hakuzitangaza, na kwa hilo watu walimpenda. Ndiye aliyetuma mtu mpaka kijijini kwetu Balangdalalu kutuambia kwamba dereva mmoja amepiga simu kutoka Zambia, na kwamba Mama aje haraka.

Baba alikuwa dereva wa lori la mizigo. Lori lilikuwa limepinduka huko Zambia, mbele ya Kapiri Mposhi, na yeye alikuwa amelazwa Kabwe akiwa na mguu uliovunjika vibaya. Madaktari walitaka kumpasua waunganishe mfupa, lakini Baba alikataa. Alisema hatalazwa usingizi katika nchi ya watu bila baba yake mzazi kusimama pale, asije akaamka akakuta mguu haupo. Madaktari nao walisema akiendelea kuchelewa, mguu utaoza na kukatwa kweli. Dereva mwenzake, aliyepiga tena tulipofika dukani, alimaliza kwa kusema, "Mleteni mzee. Huyu bwana ni mbishi." Mama alikaa juu ya gunia la sukari, akalia, kisha akafuta machozi na kuuliza treni ya Zambia inaondoka Dar siku gani. Hakuna aliyejua, ila wote walijua kwamba ina siku zake, na ukiikosa utasubiri wiki nyingine.

Hapo lazima nieleze jambo ambalo msomaji wa mbali anaweza kuliona dogo. Sisi ni Wabarbaig, na kwetu mke hataji jina la baba mkwe wake. Halitaji kabisa, si mbele yake wala nyuma yake, si kwa hasira wala kwa ugonjwa. Mama hakukaa karibu na Babu, hakula akimtazama, na alipotaka kumwambia kitu alinituma mimi, hata kama Babu yuko hatua chache tu na amesikia kila neno. "Neema, mwambie babu yako chai tayari." Nami nilimgeukia Babu na kumwambia chai tayari, naye akaitikia kama mtu aliyepata habari mpya. Nilizaliwa nikakuta mambo yako hivyo, na sikuona ajabu yoyote. Basi ilipoamuliwa kwamba Babu atakwenda, na kwamba Mama ataongozana naye kwa sababu Kiswahili cha Babu kilikuwa cha mnadani tu, cha kuuza na kununua ng'ombe, kila mtu alijua bila kuambiwa kwamba na mimi nitakwenda. Nilikuwa darasa la nne. Nilijiona mtu mkubwa sana.

Aliyepaswa kutukatia tiketi ni mjomba Yohana, mdogo wake Mama, aliyekuwa fundi viatu Dar es Salaam. Mama alimpigia akiwa amesimama wima, mkono mmoja umeziba sikio. Jambo la kwanza alilosema ni, "Yohana, tusilale chumba kimoja na mzee!" Mjomba akamtuliza kwamba treni ile ina vyumba vya wanaume na vya wanawake, mbalimbali. Nikaona mabega ya Mama yanashuka. Kisha mjomba akauliza majina. Mama akataja lake, akataja langu, halafu akasema, "Na babu yake Neema."

Mjomba akauliza jina lake nani. Sauti ilitoka kwenye simu mpaka sisi wote dukani tukaisikia.

"Yohana," Mama akasema polepole, "ni babu yake Neema. Baba yake na Baba Neema."

"Aaa! Basi nimeshajua, dada. Usipoteze hela." Simu ikakatika, na Mama akarudisha kile kitambaa juu yake kwa heshima. Alikuwa ameridhika. Sote tulikuwa tumeridhika, kwa kuwa mjomba alikuwa mtu wetu na hakuhitaji kufafanuliwa.

Babu alikwenda mwenyewe Babati pamoja na mtendaji wa kijiji kufuatilia hati za dharura za kusafiria, akarudi nazo, yake ameikunja ndani ya mfuko wa plastiki na kuifunga kiunoni chini ya shuka. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Kisha tukapanda basi. Nakumbuka joto lilivyokuwa linaongezeka kila tulipoteremka, na Babu akivua nguo moja baada ya nyingine bila kulalamika, ila shuka hakuliachia. Mjomba alitulaki Dar, akatupeleka stesheni asubuhi ya safari, akamkabidhi Mama tiketi kwa majivuno na kumchukua Babu kwenda kununua mikate na ndizi za njiani. Mama alizisoma tiketi palepale. Alisoma ya tatu, akairudia, na uso wake ukabadilika.

Mjomba alikuwa amepiga hesabu zake. Shemeji yake anaitwa Paulo Gidabeda, basi baba yake Paulo lazima ni Gidabeda. Hakujua kwamba Gidabeda ni kaka yake Babu, aliyempeleka Baba shule akiwa mdogo na kumwandikisha kwa jina lake mwenyewe, kama walivyofanya wazee wengi waliokuwa karibu na shule. Tiketi ilikuwa ya Gidabeda. Hati iliyokuwa kiunoni mwa Babu ilikuwa na jina lake halisi, na mtu mmoja katika foleni ya dirisha la tiketi, tulikokwenda kusahihisha, alishatuambia, bila hata kuulizwa, kwamba mpakani maofisa hupita ndani ya treni wakilinganisha karatasi na karatasi.

Dirishani alikaa dada mmoja mnene mwenye miwani. Mama alimweleza kwamba tiketi imekosewa jina. "Sawa," yule dada akasema, "anaitwa nani huyu mzee?" Mama akamsogezea tiketi tena. Dada akauliza tena. Mama akasema ni baba mkwe wake. "Mama, nimeuliza jina. Unasafiri na mtu humjui jina?" Nyuma yetu foleni ikaanza kunung'unika, na kijana mmoja akasema kwa sauti kwamba hizi ni tiketi za ulanguzi, yeye yuko tayari kuinunua hiyo moja. Yule dada akaivuta tiketi kwake na kuweka mkono juu yake. Nilimtazama Mama. Jasho lilikuwa linamtiririka, na niliona kabisa kwamba anataka kulisema na hawezi. Alitazama mlangoni, lakini Babu na mjomba hawakuonekana. Nikamfikiria Baba akisubiri Kabwe na mguu wake, nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Mimi pia sikuwahi kulitamka jina lile mbele ya Mama, kwa kuwa nyumbani lilimfanya ainuke na kuondoka. Nilishika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili nikapiga kelele, kana kwamba napiga simu kutoka Katesh: "Anaitwa Gidaruda! Babu yangu anaitwa Gidaruda!"

Mama alijifunika uso kwa kanga akageukia ukutani. Yule dada alimtazama Mama, akanitazama mimi, kisha akavua miwani na kuanza kucheka taratibu. "Kumbe!" alisema. "Si mngesema! Kwetu Rungwe bibi yangu akimwona baba mkwe wake njiani alikuwa anaingia kwenye migomba. Mwanangu, kimbia ukamlete babu na hati yake." Nilimkuta Babu anabishana bei ya ndizi. Alipofika, Mama alijisogeza pembeni, Babu akafungua shuka mbele ya foleni nzima bila haya, na yule dada akalinganisha, akasahihisha na kugonga muhuri. Babu akamwambia, "Asante, mama," kwa Kiswahili chake cha mnadani. Nilipanda treni, nikalala kabla haijaondoka, na Mama aliniwekea kanga yake begani. Hakuniambia lolote kuhusu lile jina, siku ile wala baadaye.

Huko Kabwe, Babu alisimama kando ya kitanda na kumwambia Baba kwa lugha yetu maneno machache tu: "Nimefika. Lala." Baba akalala. Alipozinduka, kitu cha kwanza alichofanya ni kuteremsha mkono kuupapasa mguu, na alipoukuta alilia mbele yetu, nasi tukalia naye kwa furaha.

Watu wa umri wangu hupenda kusema zamani mambo yalikuwa na utamu wake. Mimi nasema tushukuru. Juzi Baba alitaka kuja kunitembelea Dar kwa treni mpya ya kutoka Dodoma, na wifi yangu, mke wa kaka, akamkatia tiketi kwenye simu, amekaa jikoni Balangdalalu na sufuria iko motoni. Naye pia hataji jina la Baba. Aliliandika kwa kidole, kimya, na nilipomuuliza kama kuandika hakumo katika mwiko, alicheka akasema kama kumo, hakuna aliyemwambia. Ilikuwa kazi ya muda mfupi tu, na hakuna aliyetoka jasho. Nilikwenda stesheni mapema kuliko ilivyohitajika. Abiria walipoanza kutoka niliwatazama mmoja mmoja, mpaka nikamwona Baba anakuja katikati yao, anachechemea kidogo, kwa miguu yake yote miwili.