Magunia Mawili ya Saga

Harufu ya saga mbichi, mboga ya kienyeji, iliyochumwa kwenye mvua ina uchungu unaopanda puani, na ndiyo iliyoniamsha asubuhi ile huko Ndalu, kwa nyanya yangu mzaa mama, ambaye sisi wajukuu tulimwita Kukhu. Nilikuwa nimetoka Kitale na mama kwa likizo ya Aprili. Mama mdogo Nekesa alikuwa anachumbiwa, na wakwe walikuwa wanakuja kula mchana. Walikuwa wamesema wazi kwamba nyama wanayo kwao. Walichotamani ni mboga za Kukhu zilizoungwa kwa maziwa. Kukhu akaagiza magunia mawili ya saga, yakafika yamevimba hadi mdomoni, akayapigapiga kwa kiganja kama anayempongeza ng'ombe wake.

Mama Rukia, jirani yetu wa karibu na msikiti kule Kitale, alikuwa amekuja kusaidia. Yeye hupikia watu pilau za harusi, na hasafiri bila mizani yake ya kuning'iniza.

"Mama, hizi ni kilo ngapi?" akamuuliza Kukhu.

"Ni gunia mbili. Chakura kitabaki, mtoto wangu."

Mama Rukia akatundika gunia kwenye mparachichi. Mshale ukasogea kidogo tu, ukatulia.

"Ati hiyo tu?" mama akashangaa. "Si hii ni upepo, bana!"

Majani yalikuwa yamekakamaa kwa maji ya mvua, yakaacha nafasi tupu katikati. Mama Rukia akanipa beseni nijaze bila kukandamiza, tukapima. Kisha akaniambia nishindilie kwa ngumi, niongeze hadi lijae tena. Beseni lile lile likawa zito karibu mara mbili. Tulipotoa vijiti vya majani, uzito ukashuka tena. Kukhu akacheka hadi machozi yakamtoka.

"Na bado moto haujazila," akasema. "Saga inakwisha kwa sufuria. Tafuteni kunde, hiyo haisinyai sana."

Wakwe walikuwa tayari njiani. Nekesa mwenyewe, mchumbiwa, akafunga leso kiunoni, akatoka mbio akiita majirani kwa majina. Punde ua ukajaa wanawake wenye majani ya kunde kwenye leso na vikapu. Kila mzigo ulitundikwa, nami nikasoma kilo kwa sauti, wakapiga vigelegele kama nimetangaza mtoto amezaliwa. Wageni walimkuta Nekesa akirudi na furushi kichwani, matope hadi magotini. Mama mkwe akamtazama juu hadi chini, akavua viatu, akavuta kigoda, akaanza kuchambua kunde. Mboga ilitosha, na mzee wao akaomba sahani ya pili.

Siku hizi, jikoni kwangu mjini Bungoma, mboga hufika zimeoshwa na kukatwa, uzito umeandikwa kwenye mfuko. Mapishi yakitaja vikombe, simu hunigeuzia kuwa gramu kabla sijavaa aproni, na kwa kweli napenda urahisi huo. Mboga zikipungua, naagiza mfuko mwingine. Mwenye bodaboda ananikabidhi langoni, namshukuru, nafunga. Wageni wangu hula wakashiba. Ila hakuna jirani hata mmoja anayejua kwamba nilipungukiwa.