Kwenda Mgeta Kumzika Mama Leokadia

Simu ilinikuta Ngerengere, nafyatua matofali. Mzee Alfonsi, ambaye sikuwahi kumwona, alijitambulisha kuwa kaka wa Mama Leokadia wa jumba la sanaa la Morogoro. Dada yake amefariki, anazikwa kesho kwao Mgeta, na alikuwa amesisitiza jambo moja: mtani wake Mnyamwezi asikosekane. Nikanawa udongo mikononi.

Waluguru, kabila la Mama, ni watani zetu sisi Wanyamwezi. Kwenye msiba wafiwa hulia, mtani hukejeli. Huingia hata kaburini akakataa kutoka mpaka apewe kitu, na hapo ndipo watu hupata pumzi. Mama mwenyewe aliwahi kuniagiza: "Nikifa usiniletee uso wa Kwaresima. Njoo unicheke." Niliahidi, kwa kuwa alikuwa mzima na mimi nilikuwa nakula chapati yake.

Asubuhi, Kingolwira. Dirishani mwa basi niliona wafungwa wa gereza la hapo wakipalilia mahindi kwa mstari. Tangu tulipoondoka nilikuwa natafuta neno la kumkejeli na sikulipata.

Nilimfahamu kwa sababu ya mvua. Miaka hiyo nilikuwa napita tu Morogoro, nikajibanza kwenye mlango wa jumba lile, matope hadi magotini. Mlinzi akanifukuza. Sauti ya mwanamke ikatoka ndani: "Mwache aingie." Akanisimamisha mbele ya picha ya mvua akaniuliza naona nini. Mimi shule niliiacha darasa la tano. Nikamwambia naona mtu aliyechora mvua bila kulowa. Alicheka mpaka akashika ukuta, akaniuliza kabila langu, nilipomjibu akasema, kama watani wanavyoitana, "Kumbe ni mtumwa wangu. Basi utakuwa unakuja." Nikawa nakuja, kila barabara iliponipitisha hapo.

Stendi ya Msamvu kulikuwa na manyunyu. Nilipata lori lililoshusha kabichi sokoni, linarudi mlimani tupu. Dereva alimjua marehemu. Alisema watu walidhani mdhamini wa jumba kubwa ana magari, kumbe yeye alipanda malori ya mboga, picha amezifunga kwa blanketi, amezipakata kama mtoto mgonjwa. Alikuwa akizinunua kwa wachoraji ambao hakuna mwingine aliyewataka. Wajumbe wa bodi walikuja na kuondoka, yeye akabaki, akigombania bati la paa na rangi ya kuta.

Mgeta, mchana. Ukungu ulikuwa umefunika matuta ya kontua ya karoti na njegere mlimani, kanisa likaonekana nusu. Nikamwamkia Mzee Alfonsi, "Shikamoo." Aliitikia, akanitazama mikono mitupu na macho mekundu, akasema kwa sauti ya chini kwamba mtani anayelia ni hasara kwa ukoo. Mdogo wa marehemu, Mama Koleta, alikuwa hajala wala kutamka neno tangu juzi. Wote walikuwa wananingoja mimi.

Watu wa jumba walisoma hotuba. Maneno yalikuwa makubwa, marehemu sikumwona ndani yake. Padre alipomaliza sala na jeneza likaletwa, nilivua viatu nikarukia kaburini nikalala chali.

Mshereheshaji aliyetoka mjini na watu wa jumba akaja juu. "Mtoeni huyo mlevi, jamani. Tumheshimu marehemu."

"Mwache," akasema Mzee Alfonsi. "Huyo ni mtani."

Udongo ulikuwa baridi, unanukia mvua. Juu niliona kipande cha ukungu na vichwa vikiinama. Ndipo neno likaja lenyewe.

"Sitoki," nikasema. "Huyu mama alikuwa mchoyo. Kuta zote za mji alizijaza picha za watu, mimi hata kivuli changu alikataa kukitundika. Leo anataka shimo zima peke yake. Na tena ni shimo lisilo na ukuta wa kupigia msumari. Huko aendako atagombana na nani?"

Mtu mmoja akaguna, mwingine akacheka kwa pua, kisha kicheko kikaenea, cha watu wanaolia. Mama Koleta alicheka akiwa amejiziba mdomo kwa khanga.

"Unataka nini utoke, mtumwa?" akauliza Mzee Alfonsi.

Hapo nilitakiwa kutaja kuku. Nikasema, "Nataka anijibu."

Kicheko kikakatika. Mama Koleta akapiga magoti ukingoni, akaninyooshea mkono.

"Hilo hatuna, mtani," akasema. "Toka, tukupe kuku."

Akanivuta. Jeneza likashuka pale nilipopaacha na joto langu.

Siku iliyofuata nilishuka mjini na kuku wangu kwapani. Mama Koleta alikuwa amekula uji asubuhi ile, kwa hiyo kazi yangu ilifanyika. Nilichojifunza Mgeta ni kwamba mtani huwachekesha wafiwa wote, lakini yeye mwenyewe hana wa kumchekesha.

Nikapita jumba la sanaa. Mlinzi alikuwa yule yule, ameota mvi. Tulipeana pole. Nikamwambia nataka kuiona ile picha ya mvua mara moja tu, niendelee na safari.

"Kuku haingii," akasema.

Hakusogea, nami sikusogea. Tukasimama mlangoni wote wawili tukitazama ndani, kama watu wanaosubiri sauti ile itoke ndani. Kisha nikarudi barabarani.