Mipira ya Huruma ya Leoncio

Tangu bega lilipomnyima safari ya kwenda kucheza besiboli Marekani, Leoncio Mota amekuwa akiwarushia mpira vijana wa mji wa Consuelo. Mashine ya kurushia hana, na hata akipewa bure haitaki. Mashine, husema, haina kinyongo. Kijana aliyeizoea, siku akikutana na mtu anayetaka kumshinda, atabaki kupiga hewa. Asubuhi huwapa mpini wa ufagio wapige vizibo vya madumu ya maji, vinavyoyumba hewani kama nyuki. Jua likipoa hupanda kituta cha mrushaji na kuwarushia mwenyewe, kwa nguvu zote, na maneno ya kuudhi juu yake.

Sasa, Januari mpira ulimteleza Leoncio mkononi ukamvunja taya Osiris, kijana wake hodari kuliko wote. Taya ilipona, lakini kila mpira ulipokuja, mguu wake wa mbele ulikimbilia pembeni kuukwepa. Na Jumamosi mawakala wa timu za Marekani walikuwa wanakuja kuchagua wachezaji. Leoncio, roho ikimsuta, akawa anamrushia taratibu, katikati kabisa. Osiris akaipiga mipira yote hadi kwenye shamba la miwa nyuma ya uwanja, wenzake wakashangilia. Mguu bado ulikimbia. Leoncio aliuona, akaendelea kurusha taratibu.

Aliyelisema ni Nurys, mpishi wa bweni lao, alipokuja kuwaita kabla wali wa kuku haujapoa.

"Leoncio, unarusha mpira au unaomba msamaha?"

"Mama Nurys, shughulika na sufuria zako."

"Sufuria zangu hazina neno. Jumamosi atakayemrushia hatamwonea huruma. Wewe unampeleka mtoto wa watu akaaibike."

Yalimwingia. Ijumaa alipanda kituta, kwa kweli akiogopa kuliko kijana. Mpira wa kwanza aliupitisha karibu na kifua. Osiris akaruka nyuma, akaanguka. Leoncio alitaka kumkimbilia, akajizuia, akaokota mwingine. Huo nao ukapita palepale; mguu ukasita, ukarudi. Uliofuata Osiris aliungoja, akazungusha kiuno, na mpira ukarudi ulikotoka, ukamgonga Leoncio kwenye ugoko hadi akakaa chini, machozi yakimlenga.

Vijana wote wakamkimbilia. Osiris hakutoka mahali pake.

"Mwalimu," alisema, gongo la kupigia begani, "inuka basi. Rusha mwingine."