Mlango wa Banda la Verna Unruh

Vidole viwili vya mkono wa kulia wa Verna Unruh vimepinda, kimoja huku na kingine kule, kama ndugu waliogombea urithi. Watu wa hapa Halvern, kwenye mashamba ya ngano ya Kansas, husema ni baridi yabisi. Verna, aliyewapikia watoto wao chakula cha shule mpaka akastaafu, alichoka zamani kuwasahihisha. Si baridi yabisi. Ni mpira wa besiboli, na aliyeurusha ni mdogo wake, Leland.

Leland ndiye yule mrushaji ambaye mji mzima huapa kwa jina lake. Walipokuwa watoto, kila jioni baada ya kukamua ng'ombe, yeye alisimama uani akirusha, na dada yake alichuchumaa mbele ya mlango wa mbao wa banda la kuwekea nyasi akidaka. Kiangazi kile Verna alipovunjika vidole, baba yao alivifunga kwa kijiti, na kesho yake Verna akachuchumaa tena. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Umaarufu wa Leland ulivunja vidole viwili, na wala havikuwa vyake.

Sasa sikia alichofanya bwana huyo. Gazeti la kwanza lilipomuuliza nani alimfundisha, aliona haya kumtaja msichana. Akasema alijifunza peke yake, kwa kulenga mlango wa banda. Watu waliipenda hadithi hiyo, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kila alipohojiwa, ule mlango ulizidi kupata makovu katika masimulizi yake.

Mwaka huu mji ukaamua kumwekea kumbukumbu kando ya barabara kuu. Mwenyekiti wa kamati, Gaylen Pruitt mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alitaka huohuo mlango, usimamishwe ukiwa na kibao cha shaba juu yake. Verna akakataa katakata. Ndipo Leland akapiga simu kutoka Arizona.

"Wape, dada. Ni mbao tu hizo."

"Nitawapa. Lakini siku hiyo useme nani alikuwa anadaka. Mbele ya watu wote."

"Nitasema."

"Apa."

"Ah, dada na wewe! Naapa."

Gaylen alipokuja kuuchukua mlango, aliuzunguka mara mbili huku akijikuna kichwa.

"Bi Verna, mbona hauna hata alama moja?"

"Kwa sababu nilikuwa mbele yake. Nilikuwa nadaka."

Gaylen akacheka mpaka tumbo likamtikisika. "Una vituko wewe mama! Basi umeshapigwa rangi, alama zikafunikwa."

Verna alitamani kumtupia ndoo. Badala yake akamsaidia kuupakia mlango garini, maana alikuwa na ahadi ya ndugu yake.

Siku ya kuzindua, mji mzima ulijaa pale barabarani. Verna alikuja na pai yake ya matunda ya cheri kwa ajili ya chakula cha pamoja, akaiweka mezani, akainua macho, akaona mlango wao. Ulikuwa umejaa mabonyeo ya mviringo toka juu hadi chini. Gaylen alikuwa ameupiga nyundo, tena kwa moyo safi kabisa, kama mtu anayerudishia picha ya zamani rangi yake. Watoto walikuwa wakipanga foleni kutia vidole. Hasira zikampanda Verna. Lakini Leland bado hajasema, alijiambia. Leland atasema.

Leland akapanda jukwaani, mvi zake zimechanwa vizuri. Akautazama mlango, na Verna aliona kabisa kwamba ameshtuka. Akamtazama dada yake. Kisha akawatazama watu, jinsi walivyokuwa wakisubiri kwa furaha, akapitisha kiganja juu ya yale mabonyeo.

"Kila alama hapa," akasema, "naikumbuka."

Makofi yakalipuka. Verna peke yake hakupiga.

Mpiga picha akamsogeza mbele ya mlango. "Dada wa nyota, simama hapo hapo! Mzee, rusha kidogo kama zamani!"

Leland akapewa mpira, akashuka jukwaani, akarudi nyuma kwenye nyasi, uso umemng'aa kwa kupata njia ya kuponyoka. Ndivyo alivyomwomba Verna radhi maisha yake yote: humtupia kitu bila onyo, chungwa au funguo za gari, naye hudaka, basi yameisha.

"Dada, daka!"

Mkono wake haukuwa umezeeka sana. Mpira ukaja moja kwa moja, na vidole vile vilivyopinda vikajinyoosha vyenyewe. Verna akavitia mfukoni mwa koti. Akapiga hatua moja pembeni.

Mpira ukagonga mbao kwa kishindo, ukadondoka miguuni pake.

"Hiyo," Verna akasema, "ndiyo alama ya kwanza."

Watu wakaangua kicheko. Walidhani ni vile vituko vyake. Leland hakucheka. Verna akaenda mezani, akachukua pai yake ambayo haijakatwa bado, akarudi nayo nyumbani.